Sabu, dabu na Lufufu: historia fupi ya ugomvi wa sauti

Waambie machalii wa Arusha wanaopenda anime kwamba wewe huwa unaangalia zile zenye sauti za Kiingereza. Iwe Kaloleni, Sakina au Kijenge, majibu yanafanana: utaambiwa hujui utamu, utaambiwa umeangalia kivuli tu. Sasa ongeza kwamba ungependa kuiona hiyo hiyo ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Hapo kicheko kinabadilika, kinakuwa cha kukuhurumia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia kwenye ubishi huu: anime ni filamu na tamthilia za katuni kutoka Japani, na si za watoto peke yao. Kama hujui Kijapani, una njia mbili za kuziangalia. Ya kwanza inaitwa sabu: unasikia Kijapani na kusoma maandishi chini ya kioo. Ya pili ni dabu: sauti ya Kijapani inaondolewa, waigizaji wengine wanaingiza sauti zao kwa lugha nyingine. Mashabiki wamebishana kuhusu hizi mbili kwa miaka zaidi ya 30, na msimamo wao umegeuka mara kadhaa.

Makala hii inafuata historia ya ubishi huo, kuanzia Japani hadi Marekani, kisha inarudi nyumbani ambako una sura yake. Hoja yangu ni hii: msimamo wa shabiki kuhusu sauti hauamuliwi na masikio peke yake. Unaamuliwa na sauti aliyoisikia kwanza, na pia na heshima anayoipa lugha iliyotumika. Kwetu sisi, hilo la pili ndilo lenye gharama.

Hata Kijapani kimeingizwa

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi. Ile sauti ya Kijapani tunayoiita "asilia" nayo huingizwa baadaye. Desturi ya studio za Japani ni kutengeneza picha kwanza, halafu waigizaji wanasimama mbele ya kioo na kuongea juu ya picha hizo, mara nyingine zikiwa bado ni michoro isiyokamilika. Filamu ya Akira ya mwaka 1988 inakumbukwa, pamoja na mengine, kwa sababu ilikwenda kinyume na desturi hiyo: mazungumzo yalirekodiwa mapema na midomo ikachorwa kuyafuata.

Katika anime nyingi za televisheni mdomo una maumbo machache tu, yaani umefunga, umefunguka kidogo, umefunguka sana. Ni urithi wa kubana matumizi tangu Osamu Tezuka alipoanza kurusha Tetsuwan Atomu mwaka 1963. Maana yake ni kwamba mdomo wa mhusika haufuati herufi za lugha yoyote kwa ukaribu. Kinachoweza kupotea kwenye dabu ni uigizaji na maana. Ile hoja ya kwamba "midomo haiendani" ni dhaifu kuliko tunavyodhani.

Kuna la pili kuhusu Japani. Zamani za filamu bubu, kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1930, Wajapani hawakukaa kimya kutazama picha. Pembeni ya kioo alisimama mtu aliyeitwa benshi. Yeye alisimulia hadithi, akaigiza sauti za wahusika wote, akaeleza mila za Wazungu zilizoonekana kwenye filamu za nje, akaongeza na vionjo vyake. Watu walikata tiketi kwa sababu ya benshi fulani, filamu ikafuata baadaye. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipoingia, kazi hiyo ilikufa. Mweke benshi kumbukumbu, tutakutana na ndugu yake Tanzania.

Marekani: kutojua, hasira, halafu suluhu

Tetsuwan Atomu iliingia Marekani mwaka huo huo wa 1963 kwa jina la Astro Boy, ikiwa na sauti za Kiingereza. Watoto wengi walioiangalia hawakujua kama imetoka Japani. Mwaka 1985 ikaja Robotech, ambayo ilikuwa tamthilia tatu za Kijapani zisizohusiana, zikaunganishwa na kuandikiwa hadithi moja. Watu waliipenda sana. Kipindi hicho cha kwanza hakikuwa na ugomvi kwa sababu hakukuwa na cha kulinganisha.

Hasira ilikuja pale ulinganisho ulipowezekana. Mashabiki wenye kanda za VHS walianza kuweka maandishi yao wenyewe kwenye anime na kutumiana kwa posta. Hapo ndipo waligundua walichofanyiwa. Kwenye Sailor Moon, wapenzi wawili wa kike waligeuzwa kuwa mabinamu. Kwenye Pokémon, matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani yaliitwa donati zenye jamu, wakati wali unaonekana kabisa kwenye picha. We fikiria mtu akuoneshe sahani ya makande halafu akwambie hizo ni chipsi. Mwaka 2004 One Piece ilipofika, sigara ya Sanji ilifanywa kuwa pipi ya kijiti.

Kwa hiyo neno dabu likawa tusi. Lakini tazama walichokikasirikia. Kilichowaudhi zaidi ni kudanganywa, yaani mtu mwingine aliamua kwa niaba yao kwamba hawawezi kuelewa wali ni nini.

Ndiyo maana hasira ilipungua udanganyifu ulipopungua. Cowboy Bebop iliporushwa Marekani mwaka 2001, sauti zake za Kiingereza zilisifiwa na hata wale waliokuwa wakali. One Piece ilirudiwa mwaka 2007 na kampuni nyingine kwa tafsiri iliyokaribia asili. Kufikia 2014 kampuni ya Funimation ilikuwa inatoa dabu wiki chache tu baada ya anime kuonyeshwa Japani. Muhimu zaidi, intaneti ilifanya sabu na dabu ziwe vitufe viwili kwenye kioo kimoja. Ukichagua moja, nyingine haijafungiwa. Ubishi uliendelea, lakini ulianza kufanana na ule wa chai ya maziwa na ya rangi.

Sauti ya kwanza haisahauliki

Nguvu ya sauti iliyosikika kwanza inaonekana vizuri kwa Goku wa Dragon Ball. Kwa Kijapani sauti yake ni ya mama mmoja, Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936, na ameendelea kuiigiza hata Goku alipokuwa mtu mzima mwenye misuli. Wamarekani waliokua na sauti nzito ya Sean Schemmel wakisikia ya Nozawa hushtuka. Mjapani naye hushtuka upande wa pili. Kila mmoja anaiita ya kwake "Goku wa kweli".

Nchi za Kiarabu zinatupa mfano wenye uzito zaidi. Anime ya Grendizer iliingizwa Kiarabu fasaha nchini Lebanon mwishoni mwa miaka ya 1970, na wimbo wake ukaimbwa na Sami Clark. Hadi leo watu wazima wanaukumbuka kwa hisia. Tsubasa, yule mtoto mcheza mpira, akawa Kapteni Majid. Kijana wa Muscat anayeongea Kiswahili nyumbani, aliyekua na vipindi vya Spacetoon miaka ya 2000, anamjua zaidi Majid kuliko Tsubasa. Majina yalibadilishwa na matukio yakakatwa, lakini dharau ya aina tuliyoiona Marekani haikushika mizizi. Kiarabu fasaha ni lugha ya heshima, na sauti ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye masikio ya watoto. Kumbuka jambo hili tunapogeukia Kiswahili.

Kwetu, msimulizi alitangulia televisheni

Mwaka 1935 hadi 1937, wakati wa ukoloni, kuliendeshwa mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, na makao yake yalikuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Viongozi wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zao hazikuwa na sauti ndani ya utepe. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, zikachezwa pamoja na picha. Yaani sauti ya Kiswahili juu ya picha ni ya zamani kuliko televisheni yoyote Afrika Mashariki. Lakini ilikuwa sauti ya kuamrisha: lima hivi, nawa hivi.

Sinema za mjini zilikwenda njia nyingine. Arusha watu walijazana Metropole kuangalia filamu za Kihindi, na wengi hawakujua Kihindi. Walifuata nyimbo, nyuso, na maelezo ya jirani kwenye kiti. Hata hapa chini ya Mlima Meru, kule Momella, Hollywood ilikuja kupiga filamu iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na John Wayne. Jina lake lilikuwa la Kiswahili, Hatari!, lakini filamu yenyewe ilizungumza Kiingereza. Tulikopwa neno moja, mengine tukaachiwa tukisie.

Televisheni za binafsi zilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Video zilikuwa zimeshaingia, na pamoja nazo vile vibanda vya mabati na viti vya mbao ambavyo vijana waliviita vibanda umiza. Humo ndimo ndugu yake benshi alipozaliwa.

Lufufu na wenzake

Jina kubwa kuliko yote Tanzania ni Lufufu, yaani Derek Mukandala. Alichofanya yeye na wenzake kama DJ Mark kinaelezeka kirahisi. Unachukua filamu ya Kihong Kong, ya Kihindi au ya Kimarekani. Unashusha sauti yake ya asili bila kuizima. Juu yake unaweka sauti moja, ya kwako, inayoigiza wote: jambazi, bibi harusi, polisi, mbwa. Unatafsiri, unaeleza, unaonya, unatania. Gari likipita unasema linaelekea wapi. Kenya kazi hiyo ilimpa jina DJ Afro, na Uganda, ambako wanaitwa VJ, ikampa VJ Jingo.

Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeifanyia utafiti kazi hii, aliipa makala yake jina lenye maana ya kugeuza wali kuwa pilau. Ni mfano mzuri. Mchele ni ule ule, ila mpishi ameweka viungo, na aliyekuja kula amekuja kwa sababu ya viungo.

Arusha inatupa ulinganisho mwingine wa kutafsiri. Kwa takriban miaka 20, hadi Desemba 2015, mji huu ulikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Shahidi aliongea Kinyarwanda, mkalimani akapeleka kwa Kifaransa, mwingine akapeleka kwa Kiingereza. Mkalimani yule alitakiwa atoweke, isisikike nafsi yake hata kidogo, kwa sababu neno moja lililozidi lingeweza kumtia mtu hatiani. Katika mji huo huo, kibandani, mtafsiri alilipwa ili asitoweke. Zote mbili ni kazi za ustadi. Kosa letu ni kumpima wa kibandani kwa mizani ya mahakama.

Aibu ilitoka wapi

Kwa nini basi watazamaji waliokua na Lufufu walianza kuona aibu?

Sababu ya kwanza ni mashine. Kibandani kioo kilikuwa kimoja na watazamaji hamsini, na msimulizi aliwaunganisha. Simu na laptopu zilifanya kila mtu awe na kioo chake. Ukipeleka flashi dukani urushiwe anime, unarudi nyumbani kuangalia peke yako na kusoma maandishi ya Kiingereza kwa kasi yako. Msimulizi hana tena umati wa kuchekesha.

Sababu ya pili ni sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi. Watafsiri wengi hawakuwa na ruhusa hiyo. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, na Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bei ya chini. Malalamiko yao yalikuwa na msingi: mtu aliyelipa kamera na waigizaji hawezi kushindana na kanda ya bure iliyoongezwa maneno.

Sababu ya tatu ndiyo inayouma. Kwenye elimu yetu, shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Kijana anapovuka daraja hilo anafundishwa, bila kuambiwa waziwazi, kwamba Kiswahili ni cha nyuma na Kiingereza ni cha mbele. Kuangalia "iliyotafsiriwa" ni kama kukiri hukuvuka. Sabu ya Kiingereza ikawa cheti cha mtaani. Shabiki wa Marekani alikataa dabu kwa sababu ilimficha Japani. Shabiki wa Arusha mara nyingi anaikataa kwa sababu inamwonyesha yeye mwenyewe.

Ajabu ni kwamba dunia haioni hivyo. Filamu ya Uganda Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, ya mwaka 2010, ilipata mashabiki mabara yote ilipowekwa YouTube, na wanachokipenda sana ni VJ Emmie anayepiga kelele juu ya picha. Tulichokionea haya kiliwafurahisha wao.

Sauti za studio

Wakati huo huo aina nyingine ya dabu iliingia sebuleni. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na sauti kamili za Kiswahili, kila mhusika na mwigizaji wake. Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha mashindano ya waingiza sauti Dar es Salaam na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Azam TV nayo ikaleta tamthilia za Kituruki, Sultan ikiwemo, na watu wakawa wanawahi nyumbani.

Hapa kuna jambo la kuchunguza. Shabiki anayesema Kiswahili hakifai kwenye anime hukaa na mama yake jioni kuangalia Waturuki wa Istanbul wakiongea Kiswahili safi, na halalamiki. Ni kwa sababu Kituruki hajawahi kukisikia, kwa hiyo Kiswahili ndicho sauti ya kwanza. Tena studio imefanya kazi yake vizuri. Goku alikuja kwake kwa Kijapani na maandishi ya Kiingereza, Sultan akaja kwa Kiswahili. Ile kanuni ya Kapteni Majid inafanya kazi hata Ngarenaro.

Nani anabaki nje

Watetezi wa sabu wana hoja nzito na si haki kuipuuza. Uigizaji wa asili unabaki. Kiziwi anafuata hadithi. Pia Géry d'Ydewalle wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alionyesha kwamba jicho la mtazamaji hukimbilia maandishi ya chini lenyewe, hata asipoyahitaji, bila kuhisi anafanya kazi.

Lakini matokeo hayo ni ya msomaji aliyekomaa, na maandishi awe anaielewa lugha yake. Badilisha lugha iwe Kiingereza, msomaji awe mtoto wa darasa la tatu pale Unga Limited, au bibi wa Usa River ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili baada ya Kimeru. Jicho linakimbilia maandishi, halipati kitu, na picha imeshapita. Asiyeona naye amefungiwa kabisa. Lufufu, kwa kueleza nani ameingia mlangoni na kashika nini, alikuwa anamhudumia asiyeona bila hata kukusudia.

Kwa hiyo "sabu au dabu" si swali la kutosha kwetu. Linatakiwa kufuatwa na jingine: maandishi kwa lugha gani, sauti kwa lugha gani? Sabu ya Kiswahili kwenye anime ni haba mno, na ndiyo ingemaliza nusu ya ugomvi kwa gharama ndogo. Tunaochagua kusoma Kiingereza tunaweza kuendelea. Ila kumcheka anayetaka Kiswahili ni kumfungia mlango mtu ambaye hata hakuugusa wako.

Kanda zinaoza

Nimalizie na jambo la haraka. Kazi za wasimulizi wa zamani zilirekodiwa kwenye VHS. Utepe wa sumaku huharibika kwa joto, unyevu na ukungu, na wataalamu wa kumbukumbu huuhesabia uhai wa miongo michache tu. Kanda za miaka ya 1990 zimefika huko. Japani walimpoteza benshi, na sauti nyingi zilizojaza kumbi zao hazikurekodiwa. Sisi tulirekodi, halafu tunaacha ukungu ule, kwa sababu tuliziita kanda za wizi na za watu wasiosoma.

Suala la hakimiliki lipo na halifutiki. Hata hivyo kuhifadhi kitu kwa ajili ya utafiti ni jambo tofauti na kukiuza. Kama nyumbani kwenu, au kwa mjomba aliyewahi kuwa na kibanda, kuna kasha la kanda za zamani, ziwekwe pakavu, zisimame wima, mbali na jua na spika. Zisichezwe kwenye deki chafu kwa kujaribu tu, maana kanda dhaifu hukatika mara moja. Andika pembeni ni filamu gani, nani anasimulia, ilinunuliwa wapi na mwaka gani. Halafu watafute wanafunzi wa historia, lugha au sanaa katika chuo kilicho karibu nawe. Tuna maswali mengi, na majibu mengi yapo kwenye hayo makasha.